Wenye Kushika Lango: Uchambuzi wa Motokrosi ya Kale kwa Jicho la Kolwezi

Majira ya mvua yanapokolea katika mkoa wa Lualaba, Kongo, njia za vitongoji vya Kolwezi, zikiisha kupigwa na mvua ya usiku kucha na kukanyagwa na malori tangu alfajiri, hugeuka mifereji ya tope jekundu yenye kumfika mtu magotini. Na hapo ndipo asimamaye kando huona kijana mwendesha pikipiki ya abiria, mwenye gunia la makaa nyuma yake, akiinuka kitini, akisimama juu ya vikanyagio, akilegeza magoti na kuiacha pikipiki icheze chini yake kama mtumbwi juu ya wimbi, hata akavuka salama pale ambapo gari la magurudumu manne limekwama tangu jana. Hajafundishwa na mtu. Tope ndilo mwalimu wake. Walakini alifanyalo ndilo lile lile ambalo katika Ulaya limefanywa mchezo, likawekewa sharia, likapewa ubingwa wa dunia, na likaitwa motokrosi.

Uchambuzi huu unahusu mchezo huo, na hususan majonzi ya wale waliouona katika zama zake bora, tangu miaka ya 1950 hata kukaribia mwisho wa karne iliyopita, ambao leo husema kwa uchungu kwamba mchezo ungalipo lakini si ule, na kwamba walioutoa katika hali yake si wapanda pikipiki wala watazamaji, bali ni watawala wake. Swali lina sehemu tatu: ni kitu gani hasa kilichopotea, ni nani aliyekipoteza, na je, majonzi hayo ni ya haki, au ni ile tabia ya mwanadamu ya kuipamba jana kwa kuwa jana imekwisha kwenda? Na mtu akiuliza Kolwezi ina haja gani na habari za mbio za Ulaya, jibu limo katika ardhi yetu wenyewe, nami nitalifikia.

Asili ya mchezo ni Uingereza. Mwaka 1924, karibu na Camberley katika jimbo la Surrey, waendeshaji walishindana kupita vilima na vichaka kwa kasi peke yake, bila ya kuhukumiwa ustadi wao mahali pagumu kama ilivyokuwa ada ya mashindano ya siku hizo. Wafaransa na Wabelgiji wakaupokea mchezo huo, wakaifupisha njia yake na kuizungusha mahali pamoja ili mtazamaji aliyesimama mlimani aone mbio zote, na jina la motokrosi likatoka kwao. Vita vikuu vya pili vilipokwisha, mwaka 1947, yalifanyika huko Wassenaar, Uholanzi, mashindano ya kwanza ya timu za mataifa, yaitwayo Motocross des Nations, nao Waingereza wakashinda. Kisha Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, lililoasisiwa Paris mwaka 1904, likatangaza ubingwa wa Ulaya kwa pikipiki za cc 500 mwaka 1952, ambao mwaka 1957 ulipandishwa hadhi ukawa wa dunia; daraja la cc 250 likafuata mwaka 1962, na la cc 125 mwaka 1975. Madaraja hayo matatu yakawa kama mafiga matatu ya jiko: la dogo lilimlea kijana, la kati lilimkomaza, na la kubwa lilimpa taji mtu mzima mwenye kifua cha kuhimili uzito na nguvu za mashine ile.

Katika mchezo huo hapana taifa lililovuna kuliko Ubelgiji, nchi iliyotutawala. Bingwa wa kwanza wa Ulaya, Victor Leloup, alikuwa Mbelgiji aliyepanda pikipiki ya FN, iliyoundwa Herstal karibu na Liège. Na René Baeten akawa bingwa wa dunia mwaka 1958 juu ya FN vilevile. Baada yao akaja Joël Robert, aliyetwaa ubingwa wa cc 250 mara sita. Roger De Coster, aliyetwaa wa cc 500 mara tano kati ya 1971 na 1976. Gaston Rahier, bingwa wa cc 125 mara tatu mfululizo. Georges Jobé, bingwa mara tano. Eric Geboers, mtu wa kwanza kushinda katika madaraja yote matatu. Na Harry Everts, bingwa mara nne, ambaye mwanawe Stefan alimpita kwa mbali, akastaafu mwaka 2006 akiwa na mataji kumi.

Geboers na akina Everts walitokea nyanda za mchanga za kaskazini-mashariki ya Ubelgiji, nchi iitwayo Kempen, ambako mchanga wa Lommel huogopwa mpaka leo na kila mpanda pikipiki, kwa sababu humchosha mtu mikono kabla ya kumchosha miguu. Na katika nchi hiyo hiyo ya Kempen umo mji wa Olen, ambako kwa miaka mingi shaba na kobalti ya Katanga, iliyochimbwa na Union Minière, kampuni ile iliyoujenga mji wa Kolwezi, ilipelekwa kusafishwa. Basi mali yetu na mabingwa wale waliishi jirani. Tena pikipiki yoyote ya petroli haiwaki bila ya cheche, na cheche hutoka katika koili iliyosokotwa kwa uzi wa shaba. Hatukuwapo viwanjani, wala hatukualikwa. Lakini jasho la babu zetu lilikuwapo ndani ya mashine.

Sasa tutazame kilichopotea, na mfano ulio bora ni Namur. Mji huo una ngome ya kale juu ya mlima, hapo ikutanapo mito ya Meuse na Sambre, na tangu mwaka 1947 mbio za motokrosi zilipita katika msitu wa mlima huo, baina ya miti mikubwa, juu ya mizizi na mawe, zikiteremka genge na kupanda tena, hata zikatokeza barabarani mbele ya mkahawa uitwao Chalet du Monument, ambapo watazamaji waliketi karibu kiasi cha kurushiwa udongo. Hapo ndipo Håkan Carlqvist, Mswidi aliyekuwa bingwa wa cc 500 mwaka 1983, akiongoza kwa mbali katika mbio za mwaka 1988, aliposimamisha pikipiki yake, akapokea bia kutoka kwa watu, akainywa, kisha akaondoka na kushinda. Kisa hicho husimuliwa mpaka leo, na maana yake si bia: ni kwamba palikuwa hapana ukuta kati ya bingwa na watu wake. Mwaka 2007 mbio za dunia zilifanyika Namur kwa mara ya mwisho, na tangu siku hiyo hazikurudi.

Kitu cha kwanza, basi, kilichopotea ni uwanja uliozaliwa na ardhi. Zamani njia ya mbio ilifuata mlima ulivyo. Siku hizi mara nyingi huja matingatinga, udongo humwagwa katika kiwanja tambarare, miruko hupangwa kwa kipimo, na aliyeona kiwanja kimoja aghalabu huwa ameona na cha pili.

Cha pili ni mlango uliokuwa wazi. Mpanda pikipiki asiye na kiwanda nyuma yake aliweza kupakia mashine moja katika gari dogo, akaenda nchi ya jirani, akalipwa na waandaaji ili ajitokeze, na akijaliwa akashindana na mabingwa. Hata mgeni wa mbali aliingia: mwaka 1981 Marekani, ambayo ilikuwa haijapata kushinda mashindano ya mataifa, ilipeleka vijana wanne waliodharauliwa na wengi, nao wakashinda huko Lommel na huko Bielstein, Ujerumani, wakaanzisha utawala wa Marekani uliodumu miaka kumi na mitatu mfululizo.

Cha tatu ni injini ya mapigo mawili, na hapa inafaa nikae kidogo, maana fundi yeyote wa Kolwezi anaijua tofauti hii kwa vidole vyake. Injini ya mapigo mawili haina valvu za kichwani wala mnyororo wa kuzizungusha. Ukifungua kichwa na silinda kwa spana moja, chini ya kivuli cha mwembe, utaiona pistoni mara moja, utabadilisha ringi, utairudisha, na kabla ya adhuhuri mashine inalia. Injini ya mashindano ya mapigo manne ni jambo jingine: ina valvu zinazodai kupimwa kwa unene wa karatasi, ina kemshafti, ina mnyororo wa ndani, na siku ikivunjika kwa mzunguko mkubwa huharibu kila kilicho karibu yake, na gharama ya kuifufua inaweza kumshinda mzazi wa kijana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vilipoanza kuuza mashine hizo, sharia ya mashindano iliziruhusu kushindana zikiwa na ujazo maradufu: cc 250 za mapigo manne ziliwekwa daraja moja na cc 125 za mapigo mawili. Mizani ikiisha kupewa jiwe zito upande mmoja, hapana haja ya kuuliza ni upande gani utakaoinama. Katika miaka michache mapigo mawili yakatoweka katika ubingwa wa dunia, na pamoja nayo ikatoweka njia ya masikini kuingia mchezoni.

Kabla ya kuwahukumu watawala, insafu inatudai tuyapime na majonzi yenyewe. Si yote yaliyokuwako jana yaliyostahili kuishi. Miti ile ya Namur iliyowapendeza watazamaji haikumpisha mpanda pikipiki aliyeanguka, na Baeten, bingwa wa 1958, aliuawa mbioni mwaka 1960. Wanawake hawakuwa na ubingwa wao wa dunia mpaka karne hii. Na mtu mweusi wa Afrika alikuwa wapi katika zama hizo njema? Tulikuwa machimboni. Kwa hiyo anayetaka zamani zirudi kama zilivyokuwa anataka jambo ambalo sisi hatuwezi kumwitikia. Lakini anayesema kwamba ndani ya zamani zile mlikuwamo fadhila ambazo hazikupasa kutupwa pamoja na kasoro zake, huyo anasema kweli.

Ni nani, basi, aliyezitupa? Manung'uniko dhidi ya FIM hayakuanza leo. Joël Robert alipoiletea Suzuki ubingwa wa cc 250 mwaka 1970, ambao ulikuwa wa kwanza kwa kiwanda cha Kijapani katika motokrosi, akauongeza mwaka 1971 na 1972 juu ya mashine nyepesi kupita zote, shirikisho lilitoka na sharia ya uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa, na Suzuki wakalazimika kuzitia uzito pikipiki zao kwa msimu wa 1973. Robert hakuwa bingwa tena. Wapo waliosema sharia ile ilikuwa ya haki, ili kiwanda kimoja tajiri kisiachwe kununua ushindi kwa madini adimu. Wapo walioona kwamba imewekwa kumvunja aliyetangulia. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, lakini la kuzingatia ni kwamba wapanda pikipiki waliipokea sharia kama wapokeavyo mvua, bila ya kuulizwa.

Lililobadilika baadaye ni kwamba shirikisho halikutawala tena kwa mkono wake. Haki za kuendesha na kutangaza ubingwa wa dunia zilikabidhiwa kampuni: mwaka 2001 zilikuwa kwa Dorna ya Uhispania, kisha zikawa za Youthstream, na mwaka 2019 Youthstream ikanunuliwa na Infront. Katika mwendo huo madaraja yale matatu yakafutwa. Mwaka 2004 zikaja alama za MX1, MX2 na MX3, mwaka 2014 MX1 ikabadilishwa jina ikawa MXGP, na MX3 ikazimika. Figa likaondolewa, chungu kikabaki kinayumba. Kwa miaka michache mbio mbili za siku, ambazo ndizo zilizompima mtu uvumilivu wake, zikafanywa moja, kisha zikarudishwa. Nazo zilizokuwa za dakika 40 na mizunguko miwili zimekatwa zikawa za dakika 30 na mizunguko miwili. Ikawekwa kadhalika sharia kwamba aliyepita umri wa miaka 23 asishindane katika MX2, hata awe hodari namna gani na hata asipate timu ya kumchukua katika daraja la juu.

Ukiyatazama moja moja, kila badiliko lina hoja yake. Televisheni yataka mbio fupi. Mdhamini ataka jina moja la bingwa ambalo mtu asiyejua mchezo ataweza kulishika. Qatar, Argentina na Indonesia zilipopewa mbio, mchezo ulitoka katika bustani yake ya Ulaya, na hilo mtu wa Afrika hawezi kulilaumu kwa jumla. Wala si haba kwamba leo viwanja vina usalama zaidi kuliko jana. Walakini ukiyapanga mabadiliko yote safu moja utaona yanaelekea upande mmoja: kila mara gharama imepanda kwa ashindanaye, na kila mara neno la mwisho limesogea mbali naye. Mwenye haki huwatoza waandaaji, waandaaji huwatoza watazamaji, timu huenda nchi za mbali kwa fedha zake, na mpanda pikipiki asiye na kiwanda, ambaye zamani alilipwa ili aje, siku hizi mara nyingi ndiye atafutaye mfadhili ili aruhusiwe kusimama langoni, pale mbio zinapoanzia. Hii ndiyo taksiri ya watawala, nayo si kwamba wamebadilisha mchezo, kwani kila kilicho hai hubadilika. Ni kwamba wameubadilisha kama watu wauzao nyumba ambayo wapangaji wake hawajaambiwa.

Jambo hili sisi wa Kolwezi hatuhitaji kufasiriwa. Union Minière, iliyoasisiwa mwaka 1906, ilitawala hapa mpaka ilipotaifishwa mwanzoni mwa 1967. Gécamines, kampuni ya dola, ikarithi, ikafikia takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, kisha, baada ya kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990 na misukosuko iliyofuata, ikashuka hata ikawa haitoi sehemu ya kumi ya hizo. Ndipo zikaja zama za mikataba na ubia, na leo nchi yetu hutoa shaba nyingi kuliko ilivyopata kutoa wakati wowote. Wazee wetu bado huzungumza kwa shauku juu ya siku za Gécamines, za shule, hospitali na posho ya unga. Na vijana huwacheka, wakiwakumbusha kwamba siku zile zilikuwa na madhila yake. Wazee hawadanganyi, wala vijana hawakosi. Wazee wanacholilia si kampuni. Wanalilia wakati ambapo aliyefanya kazi aliweza kumjua anayempa amri na kumfuata mlangoni kwake. Mzee wa Lommel na mzee wa Musonoi, hapa Kolwezi, wakikutanishwa, wangeelewana kwa haraka ya ajabu.

Je, Afrika ina nafasi gani katika mchezo huu? Mabingwa wa dunia wa bara letu wametoka Afrika Kusini peke yake: Greg Albertyn, aliyetwaa cc 125 mwaka 1992 na cc 250 mwaka 1993 na 1994, Grant Langston, bingwa wa cc 125 mwaka 2000, na Tyla Rattray, bingwa wa MX2 mwaka 2008. Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zina vilabu vyao na hukutana katika mashindano ya bara, na mtu aliyewaona watoto wa Kampala wakiruka juu ya pikipiki ndogo mbele ya wazazi wao hawezi kusema kwamba Mwafrika hana ghera ya mchezo huu. Kinachokosekana ni ngazi ya kutoka hapo kwenda juu, kwa maana kila kidato kimewekewa bei ya Ulaya.

Na asiseme mtu kwamba kilichoondoka hakirudi. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizompa utukufu Joginder Singh mara tatu na Shekhar Mehta mara tano, ziliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, zikadhaniwa zimekufa. Lakini Wakenya wenye mchezo wao hawakunyamaza, serikali yao ikashika mkono, na mwaka 2021 zikarejea, makao yake yakiwa Naivasha. Hazikurudi kama zilivyokuwa. Njia imefupishwa na usalama umeongezwa. Walakini vumbi ni lile lile, na watu waliosimama kandokando ya njia walikuwa wenyeji. Huo ndio mfano wa insafu kati ya jana na leo.

Kwa hiyo, hukumu yangu ni hii. Majonzi ya wapenzi wa motokrosi ya kale ni ya haki kwa kadiri yanavyodai fadhila tatu: ardhi ya asili, mlango ulio wazi, na sauti ya ashindanaye. Nawataka wenye shirikisho, walioko Mies katika Uswisi, wafanye mambo yaliyo katika uwezo wao: wawape wapanda pikipiki viti vyenye kura, si viti vya kusikiliza, pale sharia zinapotungwa, warudishe daraja la mapigo mawili lenye bei ambayo fundi wa kawaida ataiweza, na mkataba wa haki unapofanywa upya, waandike ndani yake kwamba sehemu ya mapato itajenga viwanja na kufundisha vijana katika nchi ambazo bado hazijapata bingwa.

Na kwetu vilevile kuna la kufanya. Sharia ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani na machimbo. Wenye kuzisimamia fedha hizo katika Lualaba, wakiisha kutimiza maji, shule na zahanati, ambavyo havina mshindani, wakumbuke kwamba vijana wengi wa mkoa huu wanaishi juu ya pikipiki tangu asubuhi mpaka usiku, bila kofia ngumu na bila ya mafunzo, na kwamba kiwanja kimoja salama, mbali na vumbi la mabaki ya machimbo, chenye mwalimu na fundi, kingeokoa viungo vya watu barabarani hata kama kisingetoa bingwa hata mmoja. Pikipiki za umeme zimekwisha kuingia katika mashindano ya dunia, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, itumiwayo katika betri nyingi, hutoka katika nchi hii. Mara ya kwanza mali yetu ilikwenda mbioni nasi tukabaki nyumbani. Mara hii ya pili tudai mapema, kabla mkataba haujatiwa sahihi, kwamba mtoto wa Kolwezi naye awe na nafasi yake langoni.